Mbwa Wangapi kwa Kila Nyumba?

Kila atokeapo mtu kuumwa na mbwa mwenye kichaa, husikika shauri moja: kijiji na kiweke sheria ndogo, nyumba moja mbwa wawili, basi. Hatulidharau shauri hilo. Alitoaye ana uchungu, kwani ugonjwa huo ukishaonyesha dalili katika mwili wa mtu, kupona ni nadra mno. Lakini twauliza: je, ni haki kuwapimia watu wote kwa idadi?

Hapa Nyalikungu, wilayani Maswa, mbwa si pambo. Hulala nje penye zizi, na fisi akisogea, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. Mjane mwenye mbuzi kumi na ua wa miiba uliochakaa aweza kuwahitaji watatu. Tajiri mwenye ukuta na lango la chuma pengine hahitaji hata mmoja. Sheria ya wawili itamnyang'anya yule na kumwachia huyu, nayo itajiita sheria ya usawa! Tena jike aweza kuzaa watoto sita kwa mara moja. Watakaozidi watapelekwa wapi? Watatupwa kando ya gulio, wakue bila bwana, wala wa kuwapeleka kuchanjwa.

Usukuma wazijua sheria za idadi. Katika Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wafugaji kuuza baadhi ya ng'ombe wao ili kuokoa malisho. Malisho yalikuwa yamechoka kweli. Hata hivyo watu walichukia, maana waliohesabiwa mifugo hawakuulizwa.

Hata hivyo, asemaye, "Mbwa ni wangu, hayawahusu," naye amekosea. Mbwa ni wa mtu mmoja mpaka afikapo katika njia ya watoto waendao shule. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua yapata theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Ikiwa madhara yaweza kumfikia simba porini, jirani atasalimikaje?

Basi kinachodaiwa kwa mfugaji ni uangalizi. Shirika la Afya Duniani hushauri wachanjwe angalau mbwa 70 katika kila 100. Lasema pia kwamba kuwaua ovyo hakuukomeshi ugonjwa. Mbwa watano waliochanjwa ni salama kwa kijiji kuliko mmoja asiyechanjwa.

Sheria ndogo ya kijiji haina budi kupita kwanza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Siku hiyo twapenda kusikia kila mwenye mbwa akiulizwa cheti cha chanjo, awe tajiri au maskini. Na kabla ya kutajwa faini, mkutano uamue ni nani atakayemsaidia yule mjane kuwafikisha mbwa wake watatu kwa bwana mifugo.