Maji ya Ayubu

Chupa yenyewe haina makuu. Ni ya plastiki, ndani mna maji ya kijani, na kando yake kijiko cha mililita tano. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne. Dozi ya usiku huongezwa maradufu ili maumivu yasimwamshe. Ni morfini. Ikiingia katika nyumba ya Arua au Koboko, eneo la West Nile, Uganda, haikosi kuzua ubishi. Baba mdogo atasema dawa hiyo ni ya waliokwisha kukata tamaa. Jirani mwenye rosari atasema mateso ni msalaba, na mwenye tasbihi atakumbusha subira.

Ubishi huo una sababu. Saratani ya ini na ya mapafu hugunduliwa ikiwa imekwisha kukomaa, wakati kisu cha mpasuaji hakifai kitu tena. Matibabu makubwa hufuatwa hospitali ya Mulago, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, na anayetoka Koboko huongeza hamsini na kitu. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya huko, iliyokuwa pekee nchini, iliharibika kabisa. Mpya ikazinduliwa Januari 2018. Ili kulipia safari na matibabu, ng'ombe wanauzwa, kisha shamba. Je, kusema "basi, arudi nyumbani" ni kumkosea Mungu?

Wanaohimiza subira humtaja Ayubu, naye yumo katika Biblia na katika Qurani. Lakini wamemsoma nusu. Katika Biblia aliilaani siku aliyozaliwa, na mwisho Mungu aliwakemea marafiki waliokuja kumfafanulia mateso yake, si yeye aliyelia. Katika Qurani anasifiwa kwa subira, na bado alimlilia Mola wake. Akaamriwa apige mguu chini, yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Imamu wa wastahimilivu aliletewa nafuu, wala hakuikataa.

Wakatoliki nao wana jibu la tangu 1957, pale Papa Pius wa 12 alipowaambia madaktari kwamba kutuliza maumivu ni halali hata kama kutafupisha maisha, mradi nia isiwe kuua. Na morfini iliyopimwa vizuri kwa kawaida haiui. Humwacha mtu alale, aamke, agawe mbuzi wake, aombane msamaha na kaka yake. Wahubiri wengi wa subira, tuseme ukweli, wamelala usiku kucha.

Uganda ililielewa jambo hili mapema. Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na morfini ya unga ikawa inakorogwa na maji papa hapa nchini. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu manesi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa morfini, kwa kuwa vijijini daktari ni wa kubahatisha.

Kukubali chupa hiyo hakufuti wajibu kwa wanaobaki. Kaskazini mwa Uganda virusi vya homa ya ini B vimeenea kuliko kusini, karanga zenye kuvu zina sumu inayolichoma ini, na tumbaku iliyosomesha watoto wengi wa West Nile ndiyo hiyo hiyo inayoua mapafu. Ndugu wa mgonjwa wa ini wakapime homa ya ini B wiki hii. Walio salama wachanjwe, sindano tatu. Na morfini waiulizie hospitalini bila aibu: serikali huilipia, mgonjwa hatozwi.