Tembo Halingoji Jumatatu

Kila aliyepita darasani Afrika Mashariki anaijua methali ya mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumeiandikia insha, tumeitungia visa vya kujibia mitihani. Waliowahi kusimama chini ya mnazi wakamwona mgema akipanda ni wachache, hata miongoni mwetu tunaoishi Dar es Salaam, mji ambao minazi yake bado inachungulia juu ya mapaa ya Kigamboni na Mbweni. Kwa hiyo rafiki zangu walipoanza kupanga wikendi ya Bagamoyo nikatoa ombi moja tu: asubuhi ya Jumamosi tuipange kwa mgema.

Wakacheka. Mpango ulikwishapata sura yake kwenye kikundi cha WhatsApp: hoteli yenye bwawa, spika, mbuzi wa kuchoma, na katoni ya mvinyo wa Dodoma. Na mvinyo wa Dodoma mimi sina ugomvi nao. Zabibu za kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo mkulima wa Ufaransa haijui, na chupa ikishafungwa itakwenda na wewe popote utakapo, ufukweni au kitandani. Tembo la mnazi halina tabia hiyo. Lina mahali pake na saa yake, na anayelitaka hana budi kulifuata.

Mgema huchagua karara ambalo bado halijafunguka. Hulifunga kamba lisipasuke, akawa analipinda kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi liiname, kisha hukata ncha yake kwa kotama. Utomvu huanza kudondokea kwenye kibuyu kilichofungwa hapo, ingawa siku hizi mara nyingi utakuta ni chupa ya plastiki. Baada ya hapo mtu huyu amejifunga yeye mwenyewe. Asubuhi na jioni atapanda kwa vidato alivyochonga kwenye shina, atamimina kilichopatikana, na atanyoa ncha ya karara upya, kijipande chembamba tu, maana jeraha likikauka utomvu unakoma. Akilala na homa siku mbili, kazi ya wiki nzima imepotea. Mvua ikinyesha shina linateleza, lakini karara halingoji likauke. Mnazi hauijui Jumapili.

Chachu haimtii mtu. Imo hewani na imo kwenye chombo kilichotumika jana, nayo huanza kazi kabla mgema hajatia mguu chini. Tembo la asubuhi ni tamu, jeupe kama maji yaliyooshea mchele, na ndani ya saa chache tu kileo chake hufikia asilimia 4 hivi. Likifika jioni limekuwa kali. Kesho yake linaelekea kwenye siki, na ukilitia kwenye dumu ukakaza kifuniko ili uende nalo mjini, gari lako litakusimulia.

Hapo ndipo mpango wa starehe unapoingia kwenye maadili, ingawa najua neno hilo ni zito kwa watu wanaotaka tu kupumzika. Swali lenyewe ni hili: katika siku hizo mbili, saa ya nani itafuatwa? Hoteli inafuata ya kwako. Umelipa, chai ipo mpaka saa nne, na usipotokea hakuna aliyepungukiwa. Mgema ana wateja wake wa kila siku. Ukimwambia Ijumaa kwamba kesho watakuja watu sita, amewanyima wengine ili akuwekee wewe. Ukilala hadi jua likachoma, alichokuwekea kimekwisha kugeuka, na hawezi kukirudisha juu ya mnazi. Ahadi kwa mtu wa namna hiyo huwezi kuifuta kwa kubonyeza simu ukaona mambo yamekwisha.

Bahari nayo haisomi ratiba yetu. Bagamoyo ya bamvua na Bagamoyo ya maji mafu ni kama miji miwili. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukimbia mbali, mashua zikalala ubavu kwenye mchanga, na aliyekuja kuogelea atatembea hadi achoke kabla maji hayajamfika kiunoni. Samaki hunadiwa pale ufukweni mashua zinapoingia. Wanatandazwa kwa mafungu, mnadi anapaza sauti, mama lishe wanawahi mafungu yao na karai la mafuta liko tayari hatua chache nyuma yao. Mgeni aliyemaliza kwanza chai ya hotelini hukuta magamba. Kwa hiyo mimi, kama ningeulizwa wikendi ya Bagamoyo ianzie wapi, ningesema ianzie kwenye kalenda ya mwezi, bei za vyumba zifuate baadaye. Kalenda hiyo hiyo itakuonyesha Ramadhani iko lini, na mwezi huo suala la tembo huliweki kabisa.

Maana huu ni mji wa Waislamu, na ni mji ambao mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, wakapanda ile njia ya miembe ambayo watalii wote hupigia picha. Wameishi pamoja muda mrefu kwa kujua kila jambo lina mahali pake. Kilomita chache kusini, Kaole, kuna magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Bandari yake ya zamani imefichwa na mikoko. Watu bado huenda kwenye makaburi yale kuomba dua, kwa hiyo spika yako haina kazi pale. Na tembo, ambalo pwani imeligema kwa karne nyingi huku ikiswali, hunywewa shambani, kwenye kivuli. Halipelekwi barazani.

Tulipouliza njia ya kwenda kwa mgema, mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alitutazama kwa muda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Piteni hapo kwenye mwembe, mshike kulia. Ila wakati wa kurudi zungukeni huku nyuma. Pale mbele pana madrasa.”

Hakutukataza wala hakutuuliza dini zetu. Alitupa njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, na sikumbuki kama nimewahi kusikia staha ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na Wagiriama wa upande wa Kaloleni, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1960, na kitabu chake kuhusu minazi, tembo na mashahidi kilitoka mwaka 1972. Anaeleza jambo ambalo limenikaa kichwani. Mauzo ya mashamba na minazi yalitegemea kumbukumbu ya wazee. Anayetaka haki yake ikumbukwe alihitaji mashahidi, na mashahidi walikuwa ni watu wa kukaa nao na kunywa nao. Kisha wakatokea vijana wenye bidii ya biashara ya nazi kavu, ambao kila kibuyu cha kuwakirimu wazee kilikuwa hasara kwao. Baadhi yao wakaugua. Waganga wakasema ni pepo wa Kiislamu, na tiba ni kufuata miiko ya Uislamu, pombe ikiwemo. Basi kijana akawa ameachana na kibuyu cha jirani bila kumtukana jirani.

Sisemi walidanganya. Mtu anaweza kuugua kweli kwa mzigo wa kukirimu kila siku, na ukarimu wa vijijini tunausifu sana sisi ambao hatuulipii. Lakini nikitazama hoteli zetu za wikendi, zenye ukuta, mlinzi na muziki wake, naona tumefika kwenye tiba ileile kwa njia fupi zaidi. Tunakwenda Bagamoyo bila kumuwia mtu wa Bagamoyo chochote, hata salamu. Tunarudi Jumapili kwenye foleni ya Bunju na Tegeta tukisema tumepumzika, na mji wenyewe hauwezi kutushuhudia kwamba tulikuwapo.

Waliotutangulia kupumzika hapa walikuwa wapagazi. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilishuka kutoka Unyanyembe kwa mwendo wa miezi mitatu hivi, pembe za ndovu mabegani, na ilipofika Bagamoyo watu waliweka mizigo chini wakakaa wiki, wengine miezi, hadi upatikane msafara wa kurudi. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995 kuhusu karamu na ghasia za pwani hii, anaonyesha kwamba karamu za miji hii zilikuwa mahali pa kugombea heshima: nani anatoa, nani anakula, nani anahesabiwa kuwa mtu wa mji. Waungwana waliwaita watu wa bara washenzi. Watu wa bara nao walitaka kuingia kwenye ngoma, walete chao, wahesabiwe. Si picha ya kupendeza kila mahali. Lakini hata katika dharau ile kila mmoja alijua kwamba mgeni na mji vina jambo la kumalizana. Wikendi yetu ya kisasa imeliondoa jambo hilo, na hatujajiuliza kama tumelipoteza au tumepona.

Ninalolijua kwa hakika ni la hesabu. Karara lililogemwa halitazaa nazi. Kila mnazi unaotoa tembo umeamuliwa na mtu: mwezi huu nyumba hii itapata fedha ya kibuyu, na tui itanunua dukani. Mwenye shamba pengine haonji kabisa, anakodisha tu, na uamuzi ule bado ni wake. Minazi yenyewe inapungua. Kuna ugonjwa unaoiua ikiwa imesimama, ukaangusha majani na kichwa hadi shina likabaki kama nguzo ya umeme iliyosahauliwa, na kwa sababu yake pamoja na nyinginezo serikali ilianzisha mradi wa taifa wa minazi mwaka 1979, watafiti wakiwa Mikocheni wakisaka aina zinazovumilia. Halafu kuna sisi. Kutoka Bunju kupita Mapinga hadi Kerege viwanja vinazungushiwa kuta, na mnazi uliokuwa na mgema wake sasa umo ndani ya geti, umepakwa chokaa miguuni kwa ajili ya urembo.

Ile methali ya shuleni inamlaumu mgema peke yake. Nimeirudia mara nyingi kichwani tangu nimwone mmoja kazini, na kila mara nashangaa kwamba wanywaji wamo ndani yake na hakuna anayewauliza kitu. Wametoa sifa. Walitoa na nini kingine?

Mmoja wetu, fundi wa kupunguza bei hata kwenye maduka yaliyoandika bei ukutani, alianza palepale, kibuyu kikiwa hakijatua. Mgema hakukasirika. Alijifuta mikono kwenye suruali, akachomoa kotama kiunoni, akaishika upande wa makali na kumpa mpini.

“Bosi,” akasema, “panda wewe. Mimi nitakulipa bei hiyohiyo unayoitaja.”

Tulicheka sote, naye fundi wetu alicheka kuliko wote, akarudi nyuma hatua mbili. Tukalipa alichosema. Dereva, ambaye kwa zamu ile alikuwa mtu wa madafu tu, akauliza kama dafu la pili lipo, akaambiwa la pili litoke mnazi wa upande ule, huu hauna.