Bei ya Haki na Mchezo wa Zamani

Je, ni haki kumtoza mtu bei ya kitu kipya kwa kitu alichokwisha kukinunua? Swali hili ni kongwe, lakini siku hizi laingia nyumbani mwetu pamoja na michezo ya video. Wazazi waombwao na vijana wao fedha za michezo hiyo wajua tunena nini. Makampuni huutwaa mchezo uliopendwa zamani, huzing'arisha picha zake, huulinganisha na mashine mpya, kisha huuleta sokoni kwa bei ambayo pengine yalingana na ya mchezo mpya kabisa.

Tutwae mfano. The Last of Us (mchezo wa watu wazima, uliojaa mauaji, hatumshauri mzazi ampe mtoto) ulitoka mwaka 2013 kwa mashine ya PlayStation 3. Mwaka 2014 uling'arishwa kwa PlayStation 4, ukauzwa dola 50 za Marekani. Mwaka 2022 uliundwa tena kwa PlayStation 5, na bei yake dola 70. Hadithi ni ile ile, sauti za waigizaji ni zile zile. Hata sehemu ya kuchezwa na watu wengi pamoja, iliyokuwamo mwaka 2013, iliachwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipochunguza udanganyifu katika biashara, alifundisha kwamba muuzaji apataye hasara kwa kuachana na kitu chake aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini iwapo faida kubwa yatokana na hali ya mnunuzi mwenyewe, naye muuzaji hapungukiwi na kitu, hana ruhusa kupandisha bei kwa ajili hiyo, maana hawezi kuuza kisicho chake. Tena asema kwamba aliyekiboresha kitu aweza kukiuza ghali zaidi, kwa kuwa hupokea ujira wa kazi yake.

Basi mafundi wa mwaka 2022 walizichora upya nyuso na majengo, wakaweka maelezo ya sauti ili hata kipofu aifuate hadithi. Hiyo ni kazi, na yadai malipo. Lakini ndani ya dola 70 zile mna pia hamu ya mtu mzima aukumbukaye ujana wake. Hamu hiyo si mali ya kampuni.

Watu watajibu: huu si unga wala dawa, asiyetaka asinunue. Neno hilo lina uzito, nasi hatusemi kwamba ni wizi. Walakini mnunuzi yu huru kweli pale tu toleo la kale lipatikanapo bado. Horizon Zero Dawn ulipong'arishwa mwaka 2024, aliyekuwa nao tayari aliongeza dola 10 tu. Twauona huo kuwa uungwana, kwani alilipia kazi mpya peke yake. Kumbe mwaka 2021 kampuni ya Rockstar, ilipoleta upya michezo mitatu ya Grand Theft Auto, iliyaondoa matoleo ya kale katika maduka ya mtandaoni. Toleo jipya, la dola 60, lilikuwa na kasoro tele. Kampuni ikaomba radhi, ikawarudishia wenye kompyuta yale ya kale. Marekebisho makubwa yaliendelea kutolewa hata mwaka 2024. Waliongoja walipata mchezo uliotengenezwa. Waliolipa bei kamili siku ya kwanza ndio waliopokea ule mbovu.