Amana ya Marehemu

Mtu akifa hawezi tena kuitetea kazi yake. Aliyeirithi ameshika amana, na kila aitoapo mbele ya watu yu katika mtihani. Suala hili hunijia mara nyingi nifikiripo maisha ya Nikolaus Harnoncourt, kiongozi wa okestra wa Austria, aliyezaliwa mwaka 1929 akafariki mwaka 2016.

Mwaka 1952 aliingia katika okestra ya simfoni ya Vienna kama mpigaji wa selo. Siku hizo muziki wa Baroki, yaani ule uliotungwa Ulaya tangu mwaka 1600 hadi 1750 hivi, ulipigwa kwa uzuri laini usiomwudhi mtu, na ulaini huo ndio uliomwudhi yeye. Mwaka 1953 yeye, mkewe Alice na rafiki zao waliunda kundi la Concentus Musicus. Walitafuta ala kongwe na fidla za nyuzi za utumbo, wakafanya mazoezi miaka minne kabla ya kujitokeza hadharani. Wala hakusimama mbele ya wenziwe na kijiti mkononi. Kwa miaka mingi aliwaongoza akiwa ameketi kati yao na selo yake.

Lakini ala kongwe hazitoshi. Mtungaji wa zama zile aghalabu hakuandika wimbo uende kasi gani. Penye sauti ya besi alitia tarakimu chache, na mpigaji akajaza mwenyewe. Basi asemaye kuwa yeye hupiga kilichoandikwa tu hajawa mwaminifu bado. Amenyamaza mahali ambapo mwenye amana alimtaka aseme.

Kwa upande wa pili yuko Mendelssohn. Mwaka 1829, mjini Berlin, aliongoza Mateso ya Mathayo ya Bach, akakata sehemu nyingi na kutumia kwaya kubwa mno. Je, aliikhini amana? Siwezi kumhukumu hivyo, maana umma ulikuwa umekwisha kuisahau kazi ile.

Harnoncourt naye, pamoja na Gustav Leonhardt, alirekodi kantata za kanisani za Bach tangu mwaka 1971 hadi 1990. Sauti za juu waliwapa wavulana, kama ilivyokuwa desturi ya kanisa la Bach, na katika santuri nyingine nasikia mtoto ameelemewa. Baadaye Harnoncourt mwenyewe aliwaimbisha wanawake.

Lawama hii yatuhusu na sisi. Mwanafunzi mmoja aliniletea utenzi alioutoa katika hati za Kiarabu, na kila neno la Kiamu amelifanya la Kiunguja, ati lisomeke. Nilimkemea. Usiku nikakumbuka kuwa hati ile haitofautishi o na u, wala e na i, na kwamba nyingi katika irabu nilizomfundisha kuzitia nilizichagua mimi. Asubuhi nilimwita tena, tukaitandaza hati mezani.