Chembe ya Mchanga kwenye Kioo cha Samaki

Jua la asubuhi linapopenya sebuleni Kinondoni na kumulika tangi la samaki, huonekana utando wa kijani wa mwani, yaani viumbe vidogo vinavyostawi kwa mwanga, na kinachokwaruza kioo kwa kawaida si mwani huo bali chembe ya mchanga iliyonaswa kwenye sifongo ya kuusafishia. Mchanga una kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa uwezo wa kukwaruzana, ilhali kioo hukaribia 5.5, ndiyo maana sifongo, isiyopakwa sabuni kamwe, husuuzwa vyema, hupitishwa taratibu, na kukomea vidole viwili juu ya changarawe. Tangi la plastiki angavu, laini zaidi, hufutwa kwa kitambaa cha pamba, kwani waya wa masufuria huliharibu moja kwa moja.