Hesabu ya Tajiri na Mtoto wa Shule

Wapo wasemao kwamba ufidhuli ni malezi tu: huyu kafunzwa adabu, yule hakufunzwa. Sikubaliani nao moja kwa moja. Tazama daladala za Dar es Salaam, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983 na kupewa jina kutokana na dala, yaani shilingi tano, nauli ya siku zile. Makondakta wamekuja na kuondoka, lakini jeuri yao kwa mtoto wa shule ni ile ile. Ni malezi gani hayo yanayorithiwa na watu wasiojuana?

Chanzo ni hesabu. Dereva na konda wanadaiwa na tajiri kiasi maalumu kila jioni. Kinachozidi, baada ya mafuta, ndicho chao. Mwanafunzi, kwa amri ya serikali, hulipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, na nafasi anayochukua ni ile ile. Kila mtoto anayepanda ni pungufu mfukoni mwa konda. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mlango unazibwa kwa mkono.

Lakini, ndugu msomaji, hesabu inaeleza mkono tu, haielezi ulimi. Konda angeweza kusema, "Wawili wanatosha, wanangu, ngojeni gari la nyuma," na asipoteze hata senti. Badala yake anawaita mizigo. Na hao ndio watoto waliofundishwa nyumbani kumwamkia shikamoo! Nionavyo mimi, hutukana kwa sababu anajua anadhulumu. Ni vigumu kumnyima mtu haki yake huku unamwita mwanangu; sharti kwanza umfanye aonekane mkosaji, ndipo moyo utulie.

Na sisi tulioketi? Aghalabu tunatazama dirishani. (Sisi wenyewe, tukimtaka konda, humwita "we!" kana kwamba hana jina wala mama.) Asubuhi moja mwaka jana mama mmoja, kapu mapajani, alimwambia konda, "Waache wapande, nitawalipia kinachopungua." Konda akatoa mkono mlangoni bila neno, na watoto wanne wakaingia wakibanana. Bwana mmoja mwenye tai, aliyekaa nyuma yangu, akaguna kwa sauti kwamba tunacheleweshwa na vitoto. Huyo hakuwa na tajiri wa kumpelekea hesabu jioni.