Supu ya Kombe Mjini Garissa: Tumbo Haliharimishi

Ndugu zetu Waislamu, katika maneno yaliyo mepesi juu ya ndimi zetu, hapana lililo zito mbele ya Mwenyezi Mungu kama kusema "hiki ni halali, hiki ni haramu" pasina ilimu. Katika Suratin Nahl tumekatazwa waziwazi, na mwenye kusema hivyo kwa uwongo ameitwa mwenye kumzulia Mungu. Tumelikumbuka onyo hilo kwa sababu ya bakuli moja la supu.

Tulikwenda Garissa kwa arusi. Wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu waujua mji huo kwa soko lake la mifugo na kwa daraja lake juu ya mto Tana, mto ule ule ushukao hata ukaingia baharini Kipini. Lakini ingawa mto ni mmoja, vyakula ni mbalimbali. Huko watu hula nyama ya ngamia na mbuzi, na hula tambi, ambazo wao huziita baasto, kwa mchuzi wa nyama na ndizi mbivu kando. Tambi hizo ziliwafikia Wasomali kutokana na Wataliani waliotawala kusini mwa Somalia, na leo zimekuwa chakula cha nyumbani. Sisi wa pwani twazipika kwa nazi, sukari na iliki, khasa katika Ramadhani.

Jioni, mwenyeji wetu, mzee mfugaji, alituchukua mahali penye vibanda vingi vya chakula chini ya paa moja, kila mpishi na jiko lake, na meza ni za wote. Kijana mmoja wa pwani alikuwa ameletewa kombe katika sanduku la barafu, wale ambao wanawake wetu huwaokota maji yakipwa. Alikuwa amewatia katika maji ya chumvi wateme mchanga. Kisha huwagonga mmoja mmoja: ajifungaye yu hai, abakiye wazi humtupa, na baada ya kuchemka, asiyefunguka humtupa pia. Akatia kitunguu thomu, pilipili na ndimu, akamalizia kwa tambi. Tukaagiza mabakuli mawili.

Supu ilikuwa njema. Ilikuwa na ladha ya bahari yenyewe, na tambi zilikuwa zimeinywa. Lakini mwenyeji wetu alilitazama bakuli lake, akalisogeza kando. "Sheikh," akasema, "hawa ni wadudu, nao ni haramu. Nastaajabu kuona mtu wa ilimu akiwala."

Tulikaribia kucheka, kisha tukaona haya. Asubuhi ile ile, nyumbani kwake, tuliletewa maziwa ya ngamia katika chombo kilichofukizwa moshi, kama ilivyo desturi yao. Harufu ile ilitushinda, tukasema kwamba daktari ametukataza maziwa. Hapana daktari aliyetukataza. Basi mzee yule aliisemea dini asilolijua, nasi tulimdanganya mwenyeji wetu hali ya kuwa twajua. Ni yupi kati yetu aliye na udhuru?

Natuitazame sheria. Wasomali na watu wa pwani aghlabu wote ni Mashafii, kwa hiyo hitilafu hii haikutokana na madhehebu; Mahanafi ndio wasemao kwamba katika wanyama wa baharini halali ni samaki tu. Aya ya 96 ya Suratil Maida imetuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari, alijibu kwamba maji yake ni tohara na mfu wake ni halali.

Ni kweli kwamba wanazuoni wa Kishafii walikhitalifiana juu ya mnyama mdogo wa gamba wa jamii hii, aitwaye danilasi. Ibn Adlan na wanazuoni wa zama zake walitoa fatwa kuwa ni halali, kwa kuwa haishi ila majini. Imepokewa kwamba Izzuddin bin Abdissalam alimharimisha, na walioiunga mkono kauli hiyo walisema kuwa yeye ni asili ya kaa. Tazameni basi: pande zote mbili zilitafuta dalili. Hapana aliyesema ni haramu kwa kuwa moyo wake umechafuka.

Huenda mtu akatujibu: "Je, sheria haikuharimisha vitu vichafu, na wanazuoni hawakuitazama tabia ya Waarabu katika kuvijua?" Naam, waliitazama, lakini ni pale wasipopata nassi, wala hawakumfanya kila mtu na ulimi wake kuwa kadhi. Na lipo tukio linalokata shauri. Mtume (S.A.W.) aliletewa nyama ya dhabbu, naye ni mnyama wa jangwani mfano wa kenge. Akaizuia mkono wake. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu. Akamwambia si haramu, ila hayupo katika nchi ya watu wake, na nafsi yake yamchukia. Khalid akala, naye Mtume akimtazama.

Hapo tunafunzwa njia iliyo baina ya makosa yetu mawili. Hakuila, wala hakumlazimisha mtu kuila au kuiacha. Hakuitukana, wala hakutafuta udhuru wa uwongo. Alisema kweli yote kwa maneno machache: karaha ni yangu, na hukumu ni ya Mungu.

Jambo hili si dogo, ndugu zetu. Mwenye kuitwa "mla wadudu" na mwenye kuambiwa "wanuka maziwa" husali safu moja, kisha matusi ya sahani huwafuata hadi penye ujirani na posa za mabinti. Dharau ikishavikwa kanzu ya dini huwa vigumu kuivua, kwa kuwa mwenyewe huiona kuwa ni uchaji Mungu.

Usiku ule tulimhadithia mzee khabari ya dhabbu, na tukakiri uwongo wetu wa asubuhi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi, Sheikh, kombe si wa nchi yangu." Nasi tukamjibu kwamba moshi ule si wa nchi yetu. Kulipokucha tuliomba maziwa tukanywa mafunda matatu. Hata leo hatuyapendi, lakini tuliyanywa bila ya kumwongopea mtu.

Basi usipokipenda chakula, kiache na useme hukipendi. Neno "haramu" tuliache mahali lilipowekwa na Mwenye kuliweka. Wallahu aalam.